Weupe wa Platini

Kitinda aliporudi kutoka masomoni hakuleta zawadi ya maana. Alileta miwani ya kioo cheusi kama ya wachomelea mageti, tupa chache zilizoviringishwa kwenye kitambaa cheupe, na mdomo. Hilo la mdomo ni neno la dada yake, na tumwachie mwenyewe, maana wivu ulikuwa umeshamkaa kooni kabla hata begi la mdogo wake halijatua chini.

Karakana ilikuwa ya baba yao. Ilikuwa chumba kimoja kirefu mbele ya nyumba, chenye mlango wa chuma unaofungukia barabarani, meza tatu za usonara, na sakafu iliyofagiliwa taratibu kila jioni, vumbi lote likawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa vumbi la sonara halikosi dhahabu. Meza ya Mzee ilikuwa dirishani, penye mwanga mzuri kuliko kwingine kote. Siku hizi mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kupachika jiwe dogo kwenye kikuku kulikuwa kumeshamshinda, na wote mle ndani walijua kwamba karibuni atainuka pale na kumkalisha mwingine. Atakayekalia meza ya dirishani ndiye atakayekuwa fundi mkuu. Wateja watasema naye, na yeye ndiye atakayepokea kazi au kuikataa.

Dada hakuwahi kufikiri kwamba huyo mwingine angekuwa mtu zaidi yake. Alianza kushika tupa akiwa bado na sare ya shule, na sare aliivua mapema ili aishike vizuri zaidi. Bibi harusi wengi wa mji ule walivikwa pete alizozifunga yeye. Jicho lake lilisifika. Dhahabu ikiwa motoni, hakuhitaji chombo chochote cha kumwambia imefika wapi. Aliitazama tu ikigeuka rangi, na kabla haijaanza kutembea alikuwa ameshaondoa moto. Kitinda wakati huo alikuwa mtoto wa kucheza chini ya meza, akiokota makombo ya nta.

Sasa kilichomkata maini Dada hakikuwa kurudi kwa mdogo wake. Kilikuwa swali.

Mzee hakuwa mtu wa kuuliza. Miaka yote ambayo Dada alikaa ubavuni mwake, baba yake alimwagiza, alimkosoa, na mara mojamoja alimsifu kwa kuguna. Kumuuliza, hata siku moja. Kila alichokijua Dada, Mzee alikijua kabla yake, kwa hiyo amuulize nini? Dada aliona ndivyo baba walivyo. Kumbe sivyo. Jioni ya kwanza Kitinda alipoanza kusimulia habari za platini, Mzee alivuta kiti, akapandisha miwani yake puani, akasema, “Kwa nini?”

Dada alikuwa anang'arisha hereni kule pembeni. Hereni ilimponyoka.

“Kwa sababu ni nzito, Baba,” alisema Kitinda. “Inaizidi hata dhahabu. Ukiwa na vipande viwili vya ukubwa mmoja, cha platini kinakulemea zaidi.”

“Na moto?”

“Moto wa dhahabu kwake ni jua la asubuhi. Inataka gesi na oksijeni safi, tena nyingi.”

“Hebu tuone.”

Kitinda akatoa kipande chembamba cha platini, mfano wa njiti ya kiberiti iliyorefushwa. Akakishika ncha moja kwa vidole vitupu, ncha nyingine akaiweka kwenye moto. Ncha ile ikawa nyekundu, ikapita wekundu, naye bado ameshika tu, anatabasamu.

“Haikuunguzi?” Mzee aliinuka kitini.

“Bado. Humu joto linatembea kwa uvivu. Ingekuwa dhahabu ningekuwa nimeshaitupa na kutukana.”

Akakitoa motoni. Fedha ingetoka na weusi, shaba ingetoka na magamba. Kile kilitoka cheupe vilevile, utadhani hakikwenda popote. Mzee akakipokea kwa koleo, akakigeuza huku na huku, akacheka kicheko ambacho Dada hakuwa amekisikia tangu mama yao alipokuwa hai. Ukikitia asidi ya kusafishia, Kitinda akaendelea, hakijali. Ukikiacha kabatini hata ukasahau ulikiweka lini, utakikuta hakijaingia kutu wala doa. Ukikikwaruza, hakipungui, kinasogea tu pembeni kama udongo ulioburutiwa kidole.

“Kwa nini hakipungui?” Mzee aliuliza.

Dada akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Baada ya hapo maswali yakawa hayana mwisho. Mezani, mlangoni, hata Mzee akiwa bafuni alipaza sauti kuuliza platini inavutwa kuwa waya mwembamba kiasi gani. Dada aliyahesabu kimoyomoyo kama mtu anayehesabu vijembe vya wakwe. Alijitia hamnazo, akainamia kazi yake, lakini masikio yake yalikuwa kwao muda wote.

Halafu likaja suala la usafi.

“Dada, usinikasirikie,” Kitinda alimwambia asubuhi moja, kwa ile sauti ya mtu anayejua utamkasirikia. “Tupa zangu zisiguse meza yako. Na koleo zangu pia. Chembe ya dhahabu au ya fedha ikishika kwenye platini halafu nikaitia motoni, inaingia ndani na kazi imekwisha. Inapasuka. Hiki chuma kinataka usafi sana.”

“Kumbe mimi ni mchafu.”

“Sijasema wewe. Nimesema vumbi.”

“Vumbi hilo ndilo lililokusomesha, mdogo wangu. Ulikuwa hulioni uchafu ulipokuwa unakula.”

Kitinda akaanza kuviringisha tupa zake. Mzee, ambaye alisikia yote, alisema tu, “Ziwekwe mbali, kama alivyosema.” Basi Dada akazisogeza tupa zake mwenyewe, ndani ya karakana aliyoifagia nusu ya maisha yake, akajiona kama mpangaji aliyeambiwa asianike nguo uani.

Kazi yenyewe ililetwa na mama mmoja mjane, mnene, mcheshi, aliyeingia ameshika kitu kwenye leso. Alipokifungua kilikuwa kikombe kidogo, kidogo kuliko cha kahawa, cha rangi ya kijivu cheupe, kimebonyea ukingoni. Marehemu mumewe alikuwa mkemia. Kikombe hicho ndicho alichochomea vitu vyake maabara, udongo, mawe na majivu, miaka nenda miaka rudi, na alipostaafu wenzake walimzawadia.

“Alikuwa anakiosha kwa mikono yake, mimi hajawahi kunioshea hata sahani,” alisema yule mama. “Nilikionea wivu kikombe hiki, msicheke. Sasa binti yetu anaolewa. Nataka kiyeyushwe, zitoke pete mbili, ya bwana na ya bibi. Mnaweza?”

Mzee alikipokea, na mkono wake uliokuwa ukitetemeka ukashuka kwa uzito asioutarajia. Akakipima kiganjani, akakipitisha kwa Kitinda. Kikombe kilipita mbele ya pua ya Dada bila kutua.

“Mwenye kazi ni huyu,” Mzee alimwambia mgeni. Kisha akamgeukia Kitinda. “Kaa pale kwangu. Inataka mwanga.”

“Kwenye meza yako, Baba?”

“Kwa kazi hii. Harusi ikishapita tutaongea habari ya hiyo meza.”

Alisema hivyo bila kumtazama Dada, na Dada alielewa kila kitu. Hakumuaga hata mjane. Aliangalia jinsi Kitinda alivyokaa kwenye kiti kile, jinsi alivyokisogeza mbele kidogo kwa kuwa miguu yake ilikuwa mifupi, na akamchukia kwa ule ufupi wa miguu.

Siku ya kuyeyusha, Kitinda alivaa miwani yake ya kioo cheusi akawaamuru wote wageukie ukutani. Mwanga wa platini ikiyeyuka, alisema, si wa kuangaliwa kwa macho matupu. Mzee aligeuka akasimama anatazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, huku anauliza, “Tayari? Imeanza? Inafanyaje?” Ukuta mzima ulijaa mwanga mweupe na vivuli vyao viwili vikawa vyeusi tii. Gesi ilinguruma. Kikombe cha mkemia kikaisha. Kilichobaki kilikuwa donge moja lililong'aa, ambalo Kitinda alilifua siku hiyo na iliyofuata kwa nyundo aliyokuwa ameing'arisha hadi unaweza kujitazama.

Pete ya bibi harusi ilitoka nzuri. Tuseme ukweli, hata Dada aliona ni nzuri, na ndicho kilichomuuma. Ilikuwa na weupe wa kimya, usiopiga kelele kama fedha. Ya bwana harusi ilikuwa imeshakunjwa kuwa duara, imebaki mdomo wazi, inasubiri kuunganishwa. Asubuhi hiyo Kitinda aliifunga kwenye kitambaa chake, akachukua ile iliyokamilika akaenda kumpima bibi harusi. Mzee naye alikwenda kliniki kwa ajili ya mikono yake.

Dada akabaki peke yake na kile kitambaa.

Hakutaka kuharibu. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu wivu wake haukuwa wa kuvunja vitu. Alichotaka ni Mzee arudi, aikute pete imefungika, mshono hauonekani hata kwa lenzi, aguse, ashangae, halafu aseme: Hii kaifunga nani? Umefanyaje? Ndiyo hayo tu. Umefanyaje. Kufunga pete ndiyo kazi aliyoifanya kuliko kazi nyingine yoyote duniani. Chuma ni chuma, alijiambia, na moto ni moto, na huyu mtoto ametutia woga na kioo chake.

Akakaa kwenye meza ya dirishani. Kiti alikirudisha nyuma kwanza.

Mikono ilifanya kile ilichozoea. Aliilaza pete juu ya tofali la mkaa, kama alivyolaza pete zote za maisha yake, kwa sababu mkaa hulea dhahabu vizuri. Aliinyunyizia boraksi kidogo, ule unga wa kulainishia mshono, kama chumvi kwenye mchuzi, bila hata kufikiri. Aliweka kati ya midomo ya pete ukanda mwembamba wa platini kutoka kwenye boksi la Kitinda, akaibana kwa kibanio chake mwenyewe cha chuma, kile kile cha siku zote. Miwani ya kioo cheusi ilikuwa pembeni ya mkono wake. Aliiangalia. Kwa miwani ile hutaona rangi, na bila rangi Dada si Dada. Akaisukuma kando.

Akafungua gesi, akaongeza oksijeni mpaka ulimi wa moto ukawa mfupi na wa buluu.

Pete ikawa nyekundu. Ikawa ya chungwa. Ikawa njano, pale ambapo dhahabu ingekuwa imeshamwagika zamani, na bado imekaa, mdomo wazi, inamtazama. Akaongeza. Njano ikafifia ikawa nyeupe, na nyeupe ikazidi kuwa nyeupe, mpaka mkono wake, meza na dirisha vikapotea, ikabaki pete peke yake. Macho yalianza kutoa machozi. Hakupepesa. Ghafla mshono ukalainika, ukatetemeka kidogo, ukameza ule ukanda, ukafunga.

“Umeona?” Dada alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Alizima moto, akangoja. Kila alikotazama aliona duara la kijani likimfuata. Pete ilipopoa aliivisha kwenye fimbo ya kupimia, akachukua nyundo ya mbao ili aizungushe ikae sawa, akaigonga. Ilitoa mlio mkavu, kama biskuti. Ufa ulikata mshono, ukaenda pembeni yake, na ndani ya ufa palikuwa pa kijivu, chenga chenga, si chuma tena. Mkaa ulikuwa umeingia. Boraksi ilikuwa imeingia, na pengine hata chuma cha kibanio. Vyote vile vilivyolea dhahabu yake vilikuwa sumu kwa hii.

Dada aliitoa kwenye fimbo. Kisha akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akakiweka pale kilipokuwa, na kiti akakisogeza mbele.

Mpaka alasiri macho hayakumuuma. Yalipoanza, yalianza kwa pamoja, kana kwamba mtu amemmiminia mchanga chini ya kope. Aliosha, yakazidi. Mwanga wa mlangoni ulimchoma. Alijikokota chumbani, akavuta pazia, akalala na kitambaa chenye maji usoni, machozi yanamtiririka hadi masikioni.

Kitinda ndiye aliyemkuta.

“Dada! Una nini?”

“Vitunguu.”

“Vitunguu gani? Umekata vya harusi nzima?” Kitinda alicheka, akakaa kitandani, akainua kitambaa. Kicheko kikaishia hapo. Aliyatazama yale macho mekundu yaliyovimba, akayatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama macho. Yeye alishayaona chuoni, kwa mwanafunzi mwenzake aliyejifanya shujaa. Hakuna kitunguu wala moshi unaofanya vile.

Alikwenda karakana, na Dada, gizani kwake, alisikia kitambaa kikifunguliwa, maana mtu akingoja aibu yake husikia hata kitambaa. Kisha nyayo zikarudi. Kitinda alibadilisha maji, akakamua kitambaa kipya kilicho baridi, akakilaza polepole juu ya macho ya dada yake, akakibonyeza kwenye kona kwa kidole.

“Yatapona,” alisema. “Usiyasugue tu.”

Hapo ndipo Dada alipomwonea wivu kuliko siku zote. Angetukanwa angejua la kufanya. Lakini huyu alikuwa na haki ya kupiga kelele, na hata hiyo haki alikuwa anaiweka akiba. Dada alitamani yeye ndiye angekuwa mwenye kusamehe na mwenzake awe mwenye kosa, angalau mara moja.

Jioni alisikia sauti zao nyuma ya ukuta. Ya Mzee ilipanda. Ya Kitinda ilikuwa ya chini, lakini maneno yalipenya: “Ni mimi, Baba. Nilifanya haraka, nikailaza kwenye mkaa.” Dada akajikunja. Alitakiwa kuinuka. Alijiambia inuka, na hakuinuka.

Baadaye mlango ulifunguliwa, na kiti cha pembeni kikalia chini ya uzito wa Mzee.

“Mdogo wako anasema ni yeye,” alisema.

Dada alikibonyeza kitambaa machoni.

“Hajui kudanganya, masikini. Anasema alichoma bila miwani, na macho yake ni mazima kama ya paka. Wewe ndiye uliyelala na kitambaa.”

“Nisamehe, Baba.”

“Sijui kama leo nitaweza. Umegusa kazi ya mwenzio, na ukaifunika. Ungeiacha wazi mezani ningekuelewa.” Sauti yake haikuwa ya hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Kitinda ataikata palipoharibika. Kuna kipande kilichobaki, kitatosha. Na meza ya dirishani ni yake. Nimeshamwambia, amelia, amekataa, na mimi sijakubali kukataa kwake.”

Dada aliuma shuka. Miaka yote ile ilipita mbele yake, sare aliyoivua, pete za watu, sakafu. Alingoja baba yake ainuke aondoke ili alie vizuri.

Mzee hakuinuka. Alikohoa. Alijikuna goti, Dada akasikia kucha kwenye kitambaa cha suruali. Mwishowe akasogeza kiti karibu na kitanda, akainama, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwenye karakana wala ya baba anayekemea.

“Hebu niambie,” alisema. “Pale dhahabu inapoishia, moto ukapita. Mimi sijawahi kupaona. Na mdogo wako naye hapaoni, kioo kinamficha. Ile rangi… inakuwaje?”

Macho yalimuuma Dada, lakini swali alilolingoja miaka yote lilikuwa limeshafika, lake, halirudi. Mlangoni kandambili za Kitinda zilisimama, na maji yakatikisika kwenye beseni alilokuwa amelileta.

Dada alinyoosha mkono gizani, akamshika baba yake mkono wa shati, akamvuta mpaka sikio lake likawa kwenye midomo yake. Kisha akaanza kumweleza, polepole, bila kuacha kitu, kwa sauti ndogo kabisa, ili yule wa mlangoni asiambulie hata neno moja.